Kibanio Namba Kumi na Nne

Kila Jumamosi saa tisa na nusu Katibu alifungua stoo ya klabu, akatoa ubao wa vibanio, akautundika kwenye msumari wake kando ya geti, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama umekaa sawa. Haukukaa sawa hata siku moja, kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa umeinama, lakini Katibu alikuwa mtu wa kunyoosha vitu. Siku za kazi alisoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, na mtu anayelipwa kuwinda nukta zilizopotea hawezi kuuacha ubao upinde hivihivi tu. Baada ya ubao alitoa mtungi wa kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza na daftari la wageni, akavipanga juu ya meza ndogo. Saa kumi kamili marehemu mke wa Fundi Saa aliingia getini na rundo la madaftari ya wanafunzi kwapani, akaketi benchi la pili, upande wa kushoto, akaanza kusahihisha.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Katibu, maana mama huyo ndiye aliyemfundisha darasa la tano.

Mwalimu hakuitikia. Si kwa sababu alikuwa amekufa. Hata enzi za uhai wake hakuitikia mtu akiwa na kalamu nyekundu mkononi, na mumewe alizoea kuuliza swali lake saa moja ya jioni na kupata jibu saa mbili.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali: nyasi zilizokatwa fupi, mstari mweupe wa marubani, uzio wa waya unaofika kiunoni, na nyuma ya uzio mabenchi mawili ya wageni. Hapo watu wazima wapatao ishirini, baadhi yao wenye wajukuu, walikuja kurusha ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio. Wenyewe walijiita marubani, na ole wako uite ndege zao vinyago. Kwenye bati kubwa kando ya stoo zilipakwa rangi kanuni ishirini na mbili za usalama. Usiruke nyuma ya mstari. Usipite juu ya vichwa vya watu wala juu ya magari. Ukitaka kutua, tangaza kwa sauti. Usisimame mbele ya panga la ndege linalozunguka. Ukizisoma haraka unaona ubabe mtupu, lakini ukizisoma polepole unagundua kila kanuni ina mtu nyuma yake. Kanuni ya sita ina kidole cha fundi bomba. Ya tisa ina kioo cha gari la daktari wa mifugo, ambaye mpaka leo haongei na aliyekivunja.

Kanuni ya kwanza ilihusu vibanio. Kila redio ya kuongozea ndege ina namba yake ya masafa ya mawimbi, na redio mbili za namba moja zikiwashwa pamoja, ndege haijui imsikilize nani, inageuka mtumishi wa mabwana wawili. Kwa hiyo ubaoni kulikuwa na vibanio vya kuanikia nguo, kila kimoja kimeandikwa namba, na kila namba ina kibanio kimoja tu. Kabla hujawasha redio yako unachukua kibanio cha namba yako na kukibana kwenye antena. Usipokikuta ubaoni, mwenzako anaruka. Kaa chini usubiri. Ukimaliza, unakirudisha. Hata mlevi angeelewa, ingawa kanuni ya tatu ilikataza walevi.

Mwaka uliopita, siku ya Jumamosi, Fundi Saa alichukua kibanio namba kumi na nne, akakibana kwenye antena yake, akarusha ndege yake ya njano. Katika klabu nzima hakukuwa na mtu mwangalifu kama yeye. Kazi yake ilikuwa kushika kwa koleo vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Mkewe alikaa benchi la pili, upande wa kushoto, na madaftari arobaini na mawili ya zoezi la ufahamu. Saa kumi na dakika ishirini, akiwa kwenye daftari la kumi na tisa, ndege ilipindua tumbo, ikavuka mstari, ikavuka uzio, ikaenda moja kwa moja kwenye benchi. Ilikuwa na uzito wa kuku wawili tu. Kuku wawili wakija kwa kasi ile wanatosha.

Wakati huo Mwenyekiti wa klabu alikuwa ndani ya gari lake kwenye maegesho, anamwonyesha shemeji yake redio mpya. Alichomoa antena dirishani, akabonyeza swichi ili shemeji aone taa inavyowaka kijani. Redio ilikuwa ya namba kumi na nne. Hakwenda ubaoni kuangalia kibanio. Kwani kuonyesha taa kunachukua muda gani? Katibu alikuwa amesimama mezani pake. Aliiona antena ikitoka dirishani, akaiona ndege ikipinduka, kisha akaiona antena ikirudi ndani ya gari polepole kama pembe ya konokono.

Baada ya hapo Katibu alifanya jambo ambalo hakuna mtu angelifanya isipokuwa mwanachama wa klabu ile. Fundi Saa alikuwa ameitupa redio yake chini na kukimbilia benchini. Katibu aliiokota, akaizima, akatoa kibanio kwenye antena, akakirudisha ubaoni mahali pake. Hakuwa na nia mbaya. Safari ya ndege ilikuwa imekwisha, na kanuni inasema ikiisha kibanio kirudi; mikono yake ilikuwa imefanya hivyo miaka tisa. Watu wanalia, mmoja anapiga simu hospitali, na yeye ananyoosha vibanio vikae mstari mmoja.

Robo saa baadaye Mwenyekiti alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma.

"Kibanio cha kumi na nne kipo ubaoni," alisema. "Kwa hiyo aliruka bila kibanio. Andika."

"Mwenyekiti, kile kibanio..."

"Kipo ubaoni au hakipo?"

"Kipo."

"Basi andika."

Katibu aliandika, nyuma ya daftari la wageni, mahali panapoandikwa matukio: *Rubani aliruka bila kuchukua kibanio, akapoteza mawasiliano na ndege yake.* Mwenyekiti alitia sahihi. Ni vizuri kusema pia kwamba kiwanda cha uchapaji alichofanyia kazi Katibu kilikuwa cha Mwenyekiti huyohuyo, na kwamba Katibu alikuwa na watoto wanne. Fundi Saa alifukuzwa uanachama maisha, akakatazwa kuukaribia uwanja chini ya mita hamsini. Mamlaka iliyotoa kibali cha uwanja ilisoma sentensi ile ikaridhika.

Fundi Saa mwenyewe hakujua aamini nini. Alikumbuka meno ya kibanio yakiuma antena, alikumbuka hata ile sauti yake ndogo. Lakini aliponyanyua uso kutoka benchini, damu ya mkewe mikononi, alikiona kibanio ubaoni kwa macho yake mawili, na yeye alikuwa mtu wa kuamini mshale wa saa kuliko tumbo lake. Taratibu alianza kuiona kumbukumbu yake ndiyo mwongo.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeuza katika duka la dawa. Siku za mwanzo baba yake alimwambia kwamba alikichukua kibanio. Binti alikwenda uwanjani mara moja, akaisoma sentensi ile, akarudi nyumbani.

"Kwa hiyo, Baba, mama amekufa kwa ajili ya kibanio cha nguo," alisema. "Kitu cha kunyoosha mkono tu."

Wiki hiyo alihamia kwa mama yake mdogo. Tangu hapo Fundi Saa alikuwa akienda duka la dawa kununua vidonge vya kichwa, na binti yake alimpokea kama anavyowapokea wateja wengine, "Karibu, nikusaidie nini?" Kichwa hakikuwa kinamuuma. Kilichomuuma kilikuwa kingine, na dukani pale hakikuwa na dawa. Pakiti za vidonge zilijaa droo nzima ya mishale ya saa mbovu na mikanda ya saa.

Mwalimu alirudi uwanjani wiki ya tatu baada ya maziko. Aliingia, akakaa, akafungua daftari la kumi na tisa. Kamati ilikutana jioni ileile, na baada ya mjadala mfupi ikaongeza kanuni ya ishirini na tatu: *Marehemu atahesabiwa kuwa mgeni. Atasaini daftari, ataketi nyuma ya uzio, na ndege haitapita juu yake.* Mjumbe mmoja aliuliza kama sanduku la huduma ya kwanza linamhusu, wakaahirisha hilo. Mwezi uliofuata waliongeza ya ishirini na nne, kwa sababu kila ilipofika saa kumi na dakika ishirini injini zote angani zilizima zenyewe, zikakaa kimya kwa muda wa kusahihisha daftari moja. Kanuni iliwataka marubani wawe na mwinuko wa kutosha kuelea mpaka injini ziwake tena. Waliizoea. Katika ukimya ule kilichosikika uwanja mzima ni kalamu ya Mwalimu ikikwaruza karatasi, na wengine walisema ndiyo sababu hawawaleti tena watoto wao.

Fundi Saa alipopata habari alikuja mbio na shali ya mkewe mkononi. Mwenyekiti alimpokea getini.

"Pole sana, Fundi," alisema. "Lakini kanuni ni kanuni. Ungekuwa wewe ndiye mwenyekiti, ungefanyaje?"

Walipima mita hamsini kwa futi ya kamba, wakapigilia kigingi. Kila Jumamosi Fundi Saa alisimama kwenye kigingi kile kuanzia saa kumi hadi jua linapoelekea kuzama, Mwalimu anapofunga madaftari yake na kuondoka kwa njia ya kiwandani. Macho hayana pazia, na hilo halikuwa na kanuni. Aliuona mgongo wake, kilemba chake, na kiwiko kikienda na kurudi. Aliviona vizuri zaidi akivaa miwani ya mbali.

Mwezi wa nne Katibu alimpelekea Mwalimu daftari asaini kama kawaida. Alisaini, lakini hakulirudisha. Aligeuza kurasa hadi nyuma, kwenye matukio, akasoma sentensi ile moja, akaipigia mstari mwekundu chini, akaandika pembeni: *Si kweli. Rudia.* Halafu akampa daftari lake bila kumwangalia.

Katibu alilifunga, akaendelea na kazi. Wiki nzima alikuwa na baridi mgongoni. Jumamosi iliyofuata alifungua ukurasa mpya akairudia sentensi ileile, kwa mwandiko wa kunyooka, akatumaini. Mwalimu aliandika: *Mwandiko umeimarika. Si kweli. 0/10.*

Jumatatu alimpelekea Mwenyekiti daftari kiwandani. Mwenyekiti alikuwa anakagua kadi za harusi.

"Hapendi maneno yako," alisema baada ya kusoma. "Walimu ndivyo walivyo. Badilisha maneno."

Walibadilisha. Waliandika kwamba inasadikiwa rubani hakuchukua kibanio, na Mwalimu akaandika: *Nani anasadiki?* Waliandika kwamba kibanio hakikuonekana kwenye antena, na Mwalimu akaandika: *Nani alikitoa?* Mwenyekiti aliagiza ukurasa uchanwe. Jumamosi Katibu alipofungua ukurasa mpya mweupe alikuta mstari mwekundu umeshapigwa, unamngoja aandike juu yake.

Jambo lile lilimfuata hadi kazini. Siku moja aligundua ameandika *si kweli* kando ya tarehe zote za mwezi wa tatu kwenye kalenda ya idara ya maji. Siku nyingine aliandika *rudia* kwenye tangazo la kifo cha mtu asiyemjua, na familia ikaja juu. Mkewe alimuuliza mbona amekonda hata shati linamwagika mabegani. Alijibu ni joto. Akilala mchana aliiona antena ikitoka dirishani, ikirudi, ikitoka, ikirudi, na kila mara yeye ndiye aliyekuwa na kibanio mkononi.

Mwishowe, Jumamosi moja ya mawingu, kabla wanachama hawajafika, alikaa mezani akaandika yote. Kwamba Fundi Saa alichukua kibanio namba kumi na nne na kukibana kwenye antena. Kwamba Mwenyekiti aliwasha redio ya namba hiyohiyo ndani ya gari lake bila kwenda ubaoni. Kwamba baada ya ajali yeye, Katibu, alikitoa kibanio kwenye antena na kukirudisha, na hakusema. Mistari kumi na miwili. Alimpelekea Mwalimu, akasimama mbele yake mikono ubavuni kama mtoto wa darasa la tano.

Mwalimu alisoma hadi mwisho. Aliweka alama ya vema, akaandika *10/10*, na chini yake: *Vizuri. Umechelewa.*

Katibu alilia palepale, kando ya mtungi wa kuzimia moto, wala hakuona aibu. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana mgongo wake ulipata joto.

Jumatatu wakati wa mapumziko alikwenda dukani kwa Fundi Saa. Duka lilikuwa upana wa mlango na nusu. Fundi alikuwa na lenzi jichoni, saa imefunuliwa mbele yake. Katibu alimwambia kila kitu akiwa amesimama, maana kiti cha wateja kilikuwa na redio mbovu.

Fundi hakutoa lenzi.

"Kwa hiyo nilikichukua," alisema.

"Ulikichukua, Fundi. Mimi ndiye niliyekirudisha."

"Nilikichukua," alisema tena, safari hii kwa sauti ya chini. Kisha akaweka koleo mezani, akaifunika saa, maana ilikuwa ya mtu. Katibu alingoja kupigwa. Alikuwa ameacha miwani yake kazini kwa ajili hiyo.

"Mwambie binti yangu," alisema Fundi.

"Ataniamini mimi? Si mimi niliyeandika lile la kwanza? Mlete Jumamosi asome mwenyewe. Kuna mwandiko wa mama yake pale, nyekundu. Huo hawezi kuukosea."

"Utampa asome?"

"Haki ya Mungu, nitampa."

Fundi alifunga duka mapema akaenda duka la dawa. Binti alikuwa nyuma ya kaunta, koti jeupe, kalamu nyuma ya sikio kama mama yake.

"Karibu, nikusaidie nini?"

"Leo sitaki dawa," alisema Fundi. "Nataka uje uwanjani Jumamosi usome daftari."

"Nilishasoma, Baba."

"Safari hii kuna mwandiko wa mama yako."

Binti alipanga visanduku vya dawa ya kikohozi ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kwa mwaka mzima aliepuka uwanja ule, na watu walipomwambia wamemwona mama yake alisema ahsanteni. Alimwogopa mama yake, tuseme ukweli. Aliogopa kwamba atamwona na hataitikiwa.

"Nitakuja," alisema.

Alhamisi kamati ilikutana. Mwenyekiti alikuwa ameona mistari ile kumi na miwili. Hakukasirika, hakupiga meza. Alilipitisha daftari mkono kwa mkono, wajumbe wote na wanachama wote waliokuwepo wakasoma, na hakuna hata mmoja aliyebisha kwamba Mwalimu yuko sahihi. Daktari wa mifugo alisema hata yeye alikuwa anahisi hivyohivyo tangu siku ile.

"Mwalimu ni mwalimu," alisema Mwenyekiti. "Kwenye zoezi lake nani atambishia? Lakini kibali cha uwanja kinakaguliwa wiki ijayo, na kibali hakitolewi kwa zoezi. Wakisoma haya, uwanja unafungwa. Nani anataka uwanja ufungwe?"

Kila mtu alikuwa na ndege nyumbani aliyoijenga kwa mikono yake majira mazima ya mvua. Basi wakapitisha kanuni ya ishirini na tano: *Kumbukumbu halali ni ile yenye sahihi ya Mwenyekiti. Maandishi mengine ni zoezi.* Kuanzia siku hiyo madaftari yakawa mawili. La bluu la kumbukumbu, lenye ile sentensi ya kwanza iliyonakiliwa upya, na la kijivu la mazoezi ya Mwalimu, ambalo litakaa kwenye droo ya meza na kutolewa kwa ajili yake peke yake. Mikono kumi na saba ilinyooka. Mkono wa Katibu ulikuwa unaandika muhtasari, kwa hiyo haukuhesabiwa.

Watu walipotawanyika Mwenyekiti alimshika Katibu bega.

"Watu wengi wananiulizia ile nafasi ya kusoma prufu," alimwambia kwa upole. "Nawaambia ina mwenyewe."

Jumamosi Binti alifika saa kumi na dakika kumi, bado amevaa koti la dukani. Alipita kwenye kigingi alipokuwa amesimama baba yake, akamwamkia, akaendelea. Fundi alikuwa amevaa suruali yake ya sherehe na miwani ya mbali. Alimwona akifika getini, akamwona akisimama mbele ya meza.

"Shikamoo," alisema Binti. "Naomba daftari la matukio."

"Marahaba," alisema Katibu.

Daftari la bluu lilikuwa juu ya meza. La kijivu lilikuwa kwenye droo, umbali wa mkono. Mwenyekiti alikuwa kando ya ubao, amewapa mgongo, ananyoosha vibanio kimoja kimoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake. Katibu alifikiria wanawe wanne, na alimfikiria Fundi, na alifikiria kwamba kumi kwa kumi alishapewa na hakuna wa kumnyang'anya. Akamwinulia Binti daftari la bluu.

Binti alisoma akiwa amesimama, kidole chini ya maneno.

"Mwandiko wa mama uko wapi?"

"Ndani ya hilo haumo," alisema Katibu, na kwa hesabu zake hakuwa amesema uongo.

Binti alilirudisha. Alikwenda benchi la pili, akakaa upande wa kulia wa mama yake. Kwa karibu Mwalimu alikuwa vilevile, hata harufu ya chaki, isipokuwa kivuli chake kilielekea upande usio wa vivuli vya wengine. Alikuwa kwenye daftari la kumi na tisa.

"Mama," alisema Binti. "Ni kweli hakukichukua?"

Saa kumi na dakika ishirini injini zikazima. Ndege tatu ziliendelea kuelea juu ya nyasi bila sauti, marubani wamekodoa macho, na kalamu ikasikika uwanja mzima. Halafu ikasimama. Mwalimu, bila kunyanyua uso, alinyoosha mkono kuelekea mezani, kiganja wazi, kama anavyonyoosha mwalimu kudai daftari la mtoto aliyechelewa kukusanya. Katibu aliuona mkono ule. Aliujua tangu darasa la tano, na alijua unadai nini. Miguu yake haikunyanyuka.

Binti, aliyekuwa ameketi katikati ya mkono na meza, aliona mama yake amemnyooshea mkono. Aliupokea, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa wa baridi na una vumbi. Mwalimu hakuuvuta. Kiganja kilibaki wazi ndani ya mikono ya Binti mpaka injini zilipowaka tena, ndipo Mwalimu akautoa taratibu na kufungua daftari la ishirini.

Katibu alimwona Binti akitoka getini anafuta macho, akienda mbio kidogo kuelekea kwenye kigingi. Fundi Saa alikuwa amevua miwani. Tangu Jumatatu alikuwa na sentensi moja mdomoni, amelala nayo na kuamka nayo: nilikichukua, mwanangu. Alingoja tu aulizwe.

"Mama kanishika mkono," alisema Binti. Alikuwa anahema. "Hakusema kitu, lakini kanishika mkono, Baba, muda wote ule wa kimya. Nimemwelewa. Hataki tuishi hivi." Alipangusa macho kwa mkono wa koti. "Kile kibanio nimekusamehe. Toka moyoni. Mambo yameshatokea."

Fundi aliangalia getini. Katibu alikuwa amesimama kando ya meza, hawezi kumwangalia. Daftari lililosomwa halikuwa lile lenye mwandiko mwekundu, na Fundi hakuhitaji miwani kulijua hilo. Aliangalia uso wa binti yake, ambao kwa mwaka mzima aliuona juu ya kaunta tu. Angesema ile sentensi yake, Binti angemjibu kwamba ametoka kusoma sasa hivi, na kesho angemkaribisha tena kama mteja.

"Nashukuru, mwanangu," alisema.

"Usirudie tena kusema ulikichukua."

"Sitarudia."

Binti alimshika mkono, wakaanza kutembea kuelekea barabarani, yeye mbele kidogo kama afanyavyo mtu anayemwongoza mgonjwa. Nyuma yao mtu alitangaza kwa sauti kwamba anatua.

"Nyumbani kuna chumvi?" aliuliza Binti.

"Ipo."

"Na sabuni?"

"Sabuni imeisha."

"Basi tupitie dukani."